Udongo Mbichi

Justus alipolipiga jiko teke, ukuta wake wa ndani ulibomoka wote, makaa yakamwagika miguuni mwa mkewe, Josepha. Kisa? Eti mboga haina chumvi. Chumvi!

Josepha hakulia. Asubuhi alichimba udongo wa kichuguu nyuma ya shamba, akaukanda na majivu, akakandika upya ndani ya lile jiko la chuma. Kila mwanamke wa kijiji kile anajua kwamba udongo huo hauwashiwi moto mpaka ukauke, uwe mweupe. Kwa hiyo akapika nje, kwenye mafiga.

Jioni Justus akarudi kutoka Nzega, amelewa.

"Unapika nje majirani waseme sina jiko?"

"Udongo bado mbi—"

Kofi likamkata kauli. Mdomo ukajaa damu.

"Nyamaza! Sitaki kusikia sauti yako hapa kwangu."

Akaingia jikoni, Josepha nyuma yake, akalishindilia jiko kuni za mkurungu, akamwagia mafuta ya taa, akawasha. Kisha akachuchumaa mbele ya jiko, akawa anapuliza. Udongo ukaanza kutoa jasho, halafu ukalia, pii, pii. Josepha aliujua mlio ule. Akafungua mdomo. Justus, bila hata kugeuka, akainua mkono.

Josepha akaufunga mdomo.

Jiko likalipuka. Vipande vya udongo wa moto vikamvaa Justus usoni, akaanguka chali akipiga mayowe, viganja juu ya macho.

"Josepha! Uko wapi? Sioni! Sema, mke wangu, sema kitu!"

Josepha alikuwa amesimama palepale, hatua moja tu kutoka kwake, ametii.