Mikanda Mitano ya Kuokotwa

Kwenye studio ya picha za harusi walimwita Sabuni, kwa sababu video ikipita mikononi mwake ilitoka inang'aa. Jasho la bwana harusi lilifutika, giza la ukumbini likawa mwanga, na kilio cha mtoto wa watu kikafunikwa na muziki laini. Miaka sita hakuna mteja aliyerudisha kazi yake.

Kila Jumapili kwa miezi minane, yeye na wifi yake, dada wa mumewe, walikuwa wakitengeneza filamu ya kutisha. Zilikuwa hadithi tano fupi, kila moja ikijifanya mkanda uliookotwa: simu iliyosahaulika kwenye teksi, kamera ya ulinzi ya ghala, video ya sherehe ya kuzaliwa, na mingine miwili. Wifi alishika kamera na kukimbia nayo. Sabuni alikata na kuunga.

Sasa mwenye ukumbi wa sinema alikuwa amekaa studio mbele ya kompyuta yao, miguu ameinyoosha. Alikuwa na nafasi moja tu ya Jumamosi, na wengine walikuwa wanaitaka. Kumbi nyingine zote zilikwisha kuwakatalia.

"Kwa nini tano?" aliuliza. "Moja imewashinda?"

"Bosi, kila mtu na hofu yake," wifi alimjibu. "Ya teksi isipokupata, ya ghala itakupata."

Ya teksi haikumpata. Ya ghala ilimkuta akipiga miayo. Ilipofika ya tatu alikuwa ametoa simu yake na anasoma ujumbe.

"Huyu anayekimbia na kamera," alisema bila kuinua macho, "anafukuzwa na shetani au anawahi sokoni? Mbona mkono wake umetulia kama wa daktari?"

Wifi alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo. Kisha akageuka taratibu.

"Sabuni. Umeisafisha?"

"Kidogo tu."

"Kidogo! Mimi nilikimbia mpaka nikaangusha kiatu, hapa naonekana nimebebwa juu ya mto wa kulalia. Na huo muziki umetoka wapi?"

"Ilikuwa inatikisika, wifi. Na pale gizani hakionekani kitu kabisa."

"Ndiyo maana nikaingia gizani, jamani!" Wifi alishusha sauti. "Sikiliza, mke wa kaka yangu. Picha safi inamwambia mtu kwamba kuna watu walikaa, wakapanga. Akishajua hivyo, anatulia. Picha chafu inamwambia hakuna aliyepanga kitu, na aliyeshika kamera hakurudi kuelezea."

Mwenye ukumbi alikwisha kusimama na kuchukua funguo zake.

 Sabuni alifungua faili la picha mbichi, zisizokatwa, za hadithi ya nne, ile ya mwanamke anayejirekodi akipakia vitu vyake siku ya kuhama. Ndani yake mlikuwa na dakika nzima aliyoitupa: mwanamke ametoka na boksi, kamera imebaki juu ya meza, inaona nusu ya mlango na kipande cha sakafu. Kwenye harusi dakika kama hiyo ni uchafu. Hakuna mteja anayetaka kutazama mlango.

"Bosi, dakika moja tu," alisema, akabonyeza.

Mlango. Sakafu. Sauti ya friji. Mwenye ukumbi alitazama akiwa wima, funguo mkononi. Hakuna kilichotokea, kisha hakuna kilichotokea tena. Sabuni aliona kidole chake mwenyewe kinaelekea kwenye kitufe cha kukata, akakikalia.

Halafu kamera ikasogezwa. Kidogo tu, kwa upole, kama mtu anavyomsogezea mwenzake kikombe. Nje, mbali, mwanamke alikuwa bado anazungumza na dereva.

Mwenye ukumbi aliketi. Funguo ziliacha kulia.

"Nani kaisogeza?"

Wifi akafungua mdomo. Sabuni akamkanyaga mguu.

"Hatujui, bosi. Ndivyo tulivyoikuta."

Mwenye ukumbi alikuwa anajua wanadanganya, nao walijua anajua. Hata hivyo alivuta kiti karibu, akageuza shingo kutazama mlango wa studio nyuma yake, kisha akarudisha macho kwenye kioo.

"Jumamosi ni yenu," alisema. "Ila mniletee hivi hivi, na uchafu wake wote. Sasa nyamazeni, nataka kuona anarudi au harudi."