Pete Nyembamba

Asmaa alifuta kipande cha mninga kwa kitambaa kibichi, akavuta taa karibu, akaanza kupitisha sindano kwenye pete za ukuaji, akizipima moja baada ya nyingine. Kwenye meza ya pili ya ofisi yao ya utafiti wa misitu, pale Ruangwa, mwenzake Fortunatus alikuwa ameshakipiga picha kipande hicho hicho kwa skana, na kompyuta ikampa upana wa kila pete. Walitaka kujua kama njia hizo mbili zinakubaliana. Zilikubaliana.

Ila chini ya sindano, pete za masika mazuri zilitoa manyunyu yakalowesha meza. Fortunatus alisogeza kompyuta yake. Sindano ilipofika kwenye pete moja nyembamba, mwanamume alisema kutoka ndani ya mti, "Halfani, shusha panga. Tuongee."

Mninga huo ulikuwa umesimama Nandagala, pembeni ya mikorosho ya Hajira, kwa hiyo walimwita. Mwaka wa pete ile nyembamba, mumewe, Nurdini, alikwenda kuwazuia wakata magogo, asirudi. Halfani, mfanyabiashara wa mbao wa Nachingwea, aliwaambia watu kuwa Nurdini amevuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji, ameoa huko.

Hajira alisikiliza huku ameshika pindo la khanga. "Ndiye," alisema.

Polisi naye alikuja, akavua kofia, akasikiliza. "Nimemsikia, mama. Lakini mti hauapishwi."

Fortunatus aliikuza ile pete kwenye skrini mpaka ikawa pana kama barabara. Haikusema kitu. Chini ya sindano ilisema kila mara, lakini kila mara mti ulilika kidogo na sauti ikafifia.

"Tuache hapa, mama," Asmaa alisema. "Picha itabaki."

"Picha haisemi, mwanangu."

Kesho yake Hajira alirudi na Raudha, binti aliyezaliwa baada ya baba kupotea.

"Mwamkie baba yako."

Raudha aliinama juu ya meza. "Shikamoo, baba."

Asmaa alipitisha sindano taratibu.

"Marahaba," Nurdini alisema. Safari hii hakumtaja Halfani. "Wewe wa nani?"

"Wa kwako."

Nje lori la Halfani likapita na magogo mabichi, madirisha yakatetemeka, na jibu la Nurdini halikusikika. Walisubiri mpaka kelele zikaisha. Kisha Asmaa akaishusha tena sindano.