Wimbo Uliokatishwa na Ukuta

Fundi redio alipooa, hakuna aliyemwambia kuhusu wimbo.

Siku ya tatu ya ndoa yake, asubuhi, alikuwa sebuleni anafunga kamba za viatu. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alikuwa anakunja nguo za wateja huku akiimba mdomo umefumbwa. Mm-mm, mm-mm. Sauti ikapanda taratibu, ikazidi kupanda, na ilipofika juu kabisa, pale ambapo hata mtoto mchanga angejua kuna kitu kinakuja, mkewe akaipiga meza kofi, pu! Akasema, "Basi!" Kisha akachukua suruali nyingine.

Fundi aliruka na kiatu kimoja. "Kuna nini? Mende?"

"Mende wapi?"

"Si umepiga meza?"

"Nilikuwa naimba," alisema mkewe, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu.

Fundi alidhani ni mambo ya mkewe tu. Kila mtu na vituko vyake. Lakini Jumapili walikwenda ukweni, na mama mkwe alikuwa jikoni anasugua sufuria. Mm-mm, mm-mm, juu, juu zaidi, kisha mwiko ukatua kwenye sufuria, pu! "Basi!" Kaka yake mkewe, karani wa posta, alifanya hivyo hivyo na muhuri wake. Dada mdogo alikuwa nesi. Kila alipomaliza kumchoma mtu sindano alimpiga kikofi cha begani, "Basi!", na wagonjwa walipanga foleni yake kwa sababu walijua kwa hakika kwamba imekwisha. Hata ugomvi wa ukoo huo ulikuwa na mwisho wake. Watu wakibishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka, mmoja alianza kuvumisha ule wimbo, wengine wakadakia, wote wakapiga meza kwa pamoja, na jambo lenyewe halikutajwa tena.

Ilikuwa familia nzuri. Tatizo lilikuwa masikio ya fundi. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kusikiliza kinachokosekana: waya uliolegea, spika iliyochanika, stesheni iliyojificha nyuma ya mkwaruzo. Wimbo wenye shimo namna ile ulimkaa kichwani kama punje ya mchanga jichoni. Akiwa kazini alijikuta anauvumisha, anafika kule juu, na anabaki ananing'inia. Wiki hiyo alimfungia mteja redio na bisibisi ikiwa ndani. Mteja aliirudisha akilalamika kwamba taarifa ya habari inacheza kayamba.

"Mke wangu," alisema jioni hiyo, "huo wimbo unaishia wapi?"

"Kwenye Basi."

"Hapana, pale ni katikati. Ni sawa na mtu apande ngazi mpaka mlangoni, halafu akae kizingitini."

"Mbona sisi tunaingia?"

"Hamwingii! Mnapiga mlango kofi mnarudi!"

Mshonaji alimtazama kwa huruma. "Huu wimbo tumefundishwa na Shangazi. Kama una malalamiko, mpelekee yeye."

Jumamosi walimpelekea. Shangazi, dada wa baba mkwe, aliishi ghorofa ya pili ya jengo moja la zamani lenye ngazi nyembamba. Alikuwa mkutubi mstaafu: miaka thelathini alilipwa kuwanyamazisha watu, na kila jioni alirudi nyumbani kupiga kodiani, kile kinanda cha kifuani kinachovutwa na kusukumwa. Watoto wa kaka yake walishinda kwake wakati wazazi wako kazini, na wote walilelewa wakiwa wamekaa sakafuni mbele ya kodiani hiyo.

Fundi alimwamkia, akakaa, akauliza bila kuzunguka. "Shangazi, nusu ya pili ya wimbo iko wapi?"

Shangazi aliweka kikombe chini. Alimtazama mshonaji, akatazama dirisha, akatazama ukuta. "Nilijua iko siku mtu ataniuliza," alisema. "Nusu ya pili ipo. Nilifukuzwa kabla sijaifikia."

"Na nani?"

"Na ukuta." Alishusha sauti. "Kila nikifika pale juu, jirani alipiga ukuta, pu! Halafu nasikia mtu anapiga kelele, 'Basi!' Mimi mkutubi, jamani! Nani anajua kuliko mimi maana ya kunyamazishwa? Nikawa naishia hapo hapo. Ninyi watoto mkadhani ndiyo sehemu ya wimbo, mkaanza kupiga sakafu na kusema Basi kabla hata ukuta haujasema. Mlivyofurahi! Ningewaambiaje kwamba shangazi yenu anafukuzwa kila siku?"

Mshonaji alikuwa ameshika mdomo. "Kwa hiyo tumelelewa na jirani mwenye hasira?"

"Bado yupo," alisema Shangazi. "Yeye na mkewe. Kwenye ngazi tunasalimiana kwa kope tu."

Fundi alikuwa ameshasimama. Mkewe alimshika shati, lakini shati hilo alilishona mwenyewe, akaogopa kulichana. Fundi akatoka, akabisha mlango wa pili.

Alifungua mama mmoja mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Nyuma yake, kwenye kochi lililosogezwa ukutani, alikaa mumewe, mzee mwembamba mwenye fimbo, aliyewahi kuwa mpaka rangi wa majumba. Fundi alijieleza. Alipofika kwenye neno "Basi", yule mama alivaa miwani ili amwone vizuri.

"Alidhani namwambia yeye?"

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Huyu hapa!" Alimnyooshea mumewe kidole. "Kodiani ikianza tu, huyu anainuka kucheza. Ikifika pale juu anazunguka, anatupa kiuno, kinagonga ukuta, pu! Nami nampigia kelele, 'Basi! Utauvunja!' Kila siku ya Mungu!"

Mzee aliinamisha kichwa. "Pale ndipo penye utamu," alisema.

"Na kila siku muziki unakatika," aliendelea mkewe. "Tukajua yule mama wa maktaba amekereka na kelele zetu. Tukaona aibu hata kumtazama."

Shangazi alikuwa amefika mlangoni, kodiani kifuani. Alimgeukia yule mzee. "Ulikuwa unacheza?" aliuliza. "Muda wote huo, kuna mtu alikuwa anacheza?"

"Sikukosa hata siku moja," alisema mzee. "Isipokuwa nilipokuwa hospitali. Kiuno."

Wote wakaingia sebuleni. Shangazi akaanza kupiga. Wimbo ukapanda, mzee akasimama na fimbo yake, akazunguka, pu! Mkewe na mshonaji wakapaza sauti kwa pamoja, "Basi!" na vidole vya Shangazi vikasimama vyenyewe.

"Tuendelee!" alilia fundi.

Wakarudia. Pu! Basi! Wakarudia tena. Safari hii mshonaji alijiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini Shangazi alikatisha hata hivyo, na plasta ya ukuta ikadondoka kidogo kwenye chai ya wenyeji. Mwishowe fundi alichukua mito yote ya kochi, akajibana mwenyewe kati ya mzee na ukuta. Kiuno kikaja, kikamkuta tumboni bila sauti, na Shangazi akapita pale juu kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Macho ameyafumba, jasho linamtoka.

Fundi, pumzi imemkatika, alisikiliza kwa makini. Mm-mm, mm-mm.

Ilikuwa nusu ile ile ya kwanza. Inarudiwa tu, kisha inaisha.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza kutoka kwenye mito.

"Ndiyo hiyo," alisema Shangazi, uso unang'aa. "Nzuri, eh?"

Mzee alikuwa bado anacheza, na mkewe, baada ya kumtazama kidogo, alivua ndala akajiunga naye.

Waliposhuka ngazi, mshonaji alicheka mpaka akalazimika kukaa. Fundi akakaa kando yake, mkono tumboni.

"Umeridhika?" mkewe aliuliza.

"Sijui. Nimepigwa kiuno kwa ajili ya marudio."

Mshonaji alijifuta macho. "Unajua sisi watoto tulikuwa tunadhani nini? Tulidhani ukuta unaupenda wimbo. Tukimaliza tulikuwa tunaupungia mkono."

Huko juu kodiani ilianza tena, kasi zaidi, na nyayo zikasikika zikiburuzika darini.

"Twende tukacheze," alisema fundi.

"Na tumbo lako?"

"Nitakaa upande wa dirisha."