Utani Usiojibiwa

Bibi Flaviana alikuwa jikoni kwa binti yake huko Mansfield, Texas, miguu kailoweka kwenye beseni la maji ya chumvi, simu kaishika karibu na pua, anasoma mashabiki wa mabembea, yale makubwa ya kuporomosha watu kwenye bustani za michezo, wanavyochambana. Alikuwa hajapata kuona watu wa namna ile. Jitu zima, lina ndevu, lina mke na mkopo wa nyumba, linaandika maneno chungu nzima kulalamika kwamba mkanda wa kiti una rangi ya kinyesi cha mbuzi.

"Huyu mwenye kofia anasemaje?" akamuuliza binti yake Prudensia, aliyekuwa anakata vitunguu na sare yake ya unesi mwilini.

"Anasema hajawahi kuona bembea inayojua kusubiri."

"Na huyu mwanamke?"

"Anasema ni beseni la kuogea lililopewa mlima."

"Huyo ana akili."

Bembea yenyewe ilikuwa bado iko kwenye karatasi. Bustani mpya ya michezo iliyokuwa inajengwa njia ya kwenda Waxahachie ilikuwa imetoa michoro mitatu, ikawaomba mashabiki watoe maoni, na utakaopendwa ndio utakaojengwa. Mmoja wa michoro hiyo aliuchora Elirehema, mtani wa Flaviana, kijana wa Kipare anayekaa mji wa Katy na kufanya kazi kwenye kampuni ya usanifu hapo Houston. Kwa miaka alikuwa akichora ngazi za watu wengine, vyoo vya watu wengine, paa za kukingia foleni jua. Hii ilikuwa ya kwanza kuwa yake, na jina lake liliandikwa chini ya picha.

Aliiita Ndiva. Huko kwao Upareni ndiva ni bwawa la mlimani. Maji ya kijito yanakingwa humo usiku, asubuhi mwenye zamu anazibua, yanateremka kwa mfereji mpaka shambani. Elirehema alichora hivyo hivyo. Abiria wanaingia kwenye boti ya mbao, boti inakaa bwawani, kimya, vyura wanalia, hakuna kinachotokea. Halafu kizibo kinang'olewa, bwawa lote linaporomoka mlimani pamoja na wewe.

Mashabiki waligawanyika. Wengine walitaka wageuzwe vichwa chini, maana wanaona bembea isiyokutapisha ni benchi. Lakini wengi waliielewa. Mkenya mmoja wa Fort Worth anayeitwa Kigen, ambaye inaonekana hana kazi nyingine ila kupanda mabembea, aliandika: "Wasee, hapo kwa kungoja ndio kuna utamu. Moyo inaanza kukimbia kabla boti haijatoka." Watu wakammiminia mioyo na vidole gumba. Ndiva ikawa mbele ya michoro mingine kwa mbali.

Flaviana alifurahi mpaka maji ya beseni yakamwagika. Na kwa kuwa alifurahi, alifanya kile ambacho Mchagga wa Kibosho anamfanyia Mpare aliyefanikiwa. Alimtukana.

Watu hawa ni watani tangu enzi za mababu. Mchagga na Mpare wakikutana bila kuchafuana, ujue mmoja wao anaumwa. Elirehema akipiga simu alikuwa anaanza na, "We kizee, hujafa tu?" na Flaviana anamjibu, "Nangoja nirithi shati lako, ingawa najua limetoboka kwapani." Kumsifia mtani, au kumwamkia kwa heshima, ni kumtenga. Unamsifia mgeni.

Basi akafuta mikono, akaandika kwa Kiswahili chini ya picha ya Ndiva, mbele ya macho ya Texas nzima: "Hili ni jeneza la Kipare. Watu hawa wanabania hata maji, wanayafungia bwawani mpaka yaoze. Mchoro unanuka. Huyu kijana ni mwizi wa maji, na baba yake aliiba ya jirani. Mimi bibi yenu nasema, atakayepanda atashuka na njaa."

Elirehema akapiga simu palepale, anacheka hadi anakohoa. "Kizee umeniua. Hiyo ya baba nitamsomea, atafurahi sana."

"Mbona hunijibu pale watu waone?"

"Ofisini wametukataza. Mwenye mchoro haruhusiwi kutia neno."

"Basi nimekushinda."

"Umenishinda vipi na mimi nimefungwa mdomo?"

"Hiyo ni shauri yako na Wazungu wako."

Hapo ndipo Flaviana alipotakiwa kunyamaza. Utani ni wa kurushiana. Ukirusha na mwenzako asirudishe, kinachobaki hewani ni tusi. Alilijua hilo tangu utotoni. Lakini raha ya kumpiga aliyefungwa mikono ilimlevya. Kesho yake akaongeza lingine, la masikio ya Elirehema. Halafu akawaambia akina mama wenzake wa kundi la sala, wote wa upande wa Kibosho na Machame, nao wakaingia na ndimi zao. Mmoja akasema boti ile inafaa kuogeshea maiti. Mwingine akasema Mpare akitengeneza mto lazima aweke mlango na kufuli. Walicheka wiki nzima, kila mmoja nyumbani kwake, na simu mkononi.

Mashabiki wakabonyeza pale pa kutafsiri. Na simu ikatafsiri vizuri tu, neno kwa neno, haikupotea hata nukta: jeneza, mwizi, maiti, kunuka.

Yule jamaa wa kofia, aliyesifu kusubiri, akarekodi video na uso kaukunja kama aliyefiwa. Prudensia alipomtafsiria mama yake, sauti yake ilikuwa imepungua. "Anasema wazee wa Kiafrika wamejitokeza kulia. Anasema bwawa hilo ni kitu kitakatifu, huyu mchoraji amekiuza. Anasema ana aibu kwamba alikipenda."

"Kitakatifu? Wapare wanafulia nguo za ndani pale."

"Mama, watu elfu na elfu wameiona."

Flaviana akatafuta Kiingereza chake cha darasa la saba, akaandika kwa taabu kwamba anatania, kwamba huyu ni mtani wake, kwamba mchoro ni mzuri. Hata akaandika neno hilo, mzuri, ambalo hajawahi kumwambia Mpare yeyote akiwa na akili timamu. Majibu yakaja kwa upole wa kutisha. "Usiombe radhi kwa maumivu yako, Bibi." "Tunakusikia, Bibi." "Nani amekulazimisha kuandika hivi, Bibi?" Mtu mmoja akachora uso wa Flaviana, au uso aliodhani ni wake, una machozi, na watu wakauweka kwenye kurasa zao. Kigen peke yake ndiye aliyejaribu. "Hawa ni watani, jameni. Ni kama wewe na shemeji yako." Wakamwambia asiwasemee wanawake weusi.

Bustani ikatoa tangazo fupi la kuheshimu hisia za jamii. Mchoro wa Ndiva uliondolewa. Watajenga ule wa fahali, unaozunguka na kutoa moshi puani, na huo mashabiki hawakuupenda wala kuuchukia.

Flaviana akampigia Elirehema. Alijipanga kuanza na tusi, akitumaini atarudishiwa kubwa zaidi, limchane, apumue.

"Wewe Mpare, nimesikia jeneza lako limekosa maiti."

"Shikamoo, mama."

Akahisi kama kapigwa na mlango. "Marahaba," akasema, maana hiyo haijibiwi vingine. "Eli, sikia. Mimi..."

"Hakuna neno, mama. Ni utani tu. Mtani hakosei."

Na hilo ndilo lililomwuma. Mtani hakosei kweli. Sheria inamkataza Elirehema kukasirika, na inamkataza Flaviana kuomba msamaha, kwa sababu akiomba atakuwa anakiri kwamba alimaanisha. Walibaki kwenye simu wakiulizana habari za hali ya hewa ya Houston. Ilikuwa mvua.

Mwaka haujaisha, baba yake Elirehema, Mzee Msangi, akafariki kule Same. Matanga ya huku yakafanyika Katy, na Prudensia akamwendesha mama yake barabara yote ile hadi Houston na kuipita. Njiani Flaviana alikuwa anajizoeza. Msibani mtani ana kazi yake, na hakuna mwingine anayeweza kuifanya: anaiga mwendo wa marehemu, anamsema, anawazuia wafiwa kulia mpaka wampe kitu kidogo na kumtoa. Alimjua mzee, alishakuja Texas mara moja. Alijua anavyovuta mguu wa kushoto, anavyohesabu vipande vya nyama kwenye sufuria.

Akaingia sebuleni anavuta mguu wa kushoto.

"Wapare mmekaa tu. Mnangoja sanda ishuke bei?"

Watu wakainua vichwa. Mama mmoja aliyekuwa analia akacheka bila kutaka, akafunika mdomo na khanga. Chumba kilikuwa tayari. Kilichobaki ni mfiwa kusimama na kumfukuza.

Elirehema akasimama. Alikuwa amekonda. Akapita katikati ya watu, akainama mbele yake kidogo, akampokea mkoba.

"Shikamoo, mama. Pole na safari."

"Usiniletee shikamoo, mwizi wa maji," Flaviana akasema, lakini sauti ilitoka ndogo. "Nitoe. Nisipotolewa sitoki hapa."

"Umechoka, mama. Mpisheni mama akae."

Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alimshika kiwiko taratibu, kama anavyoshikwa mtu anayeheshimiwa sana, akampeleka mbele kwenye makochi, walikokaa wake za wachungaji. Akamwekea mto mgongoni. Akamletea supu mwenyewe, kwa mikono miwili, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nyuma ya chumba yule mama akaanza kulia tena, na hakukuwa na wa kumzuia.

Mke wa mchungaji akamsogelea Flaviana, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Wewe mama, kwa marehemu ulikuwa nani?"

Flaviana akakoroga supu.

"Nimetoka Mansfield," akasema.