Mwanaume wa Nyumba Hii

Mimi nina mume, tena wa halali. Anaitwa Wegesa, ana miaka sabini, na ni mwanamke. Alinioa kwa ng'ombe kumi na wawili kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, kwa sababu hakujaliwa mtoto wa kiume. Watoto watatu niliozaa na Simioni ni wa Wegesa. Kazi ya Simioni ilikuwa kuja na kuondoka, na kwenye kuondoka alikuwa hodari zaidi. Hapa Nyamwaga kila mtu anajua hilo.

Lakini Joel, karani wa kukusanya maoni, alitoka mjini na kishikwambi. Dhahabu ilikuwa imeonekana bondeni, na kampuni moja ya uchimbaji ilitaka kung'oa migomba yetu ichimbe mashimo. Wastaarabu jamani! Hawakutaka kumfukuza mtu. Walitaka tufukuzwe na maoni yetu wenyewe.

"Shikamoo mama," Joel alisema. "Namwomba mkuu wa kaya."

"Marahaba. Ndiye mimi," Wegesa alimjibu.

"Namaanisha mume."

"Ndiye mimi. Na mke wangu ni huyu Agustina."

Joel alicheka, akatutazama, akaacha kucheka. Akabonyeza weee, kishikwambi kikagoma: mume lazima awe mwanaume. Akaona bora aruke swali hilo kwanza. "Mama, unaegemea ujamaa au soko huria?"

"Naegemea migomba yangu. Asiguse mtu hata mmoja. Andika hivyo."

Akaandika kwa adabu, kisha akafuta, maana mkuu wa kaya alikuwa bado hajapatikana. Uji wetu lakini aliumaliza wote. Akatoka kwenda kumtafuta mwanaume wa nyumba hii.

Akamkuta nani barabarani? Simioni! Akamuuliza wale watoto ni wa nani. "Wangu," Simioni akasema, kifua mbele. Basi akaandikwa mkuu wa kaya, akaulizwa kama anapenda maendeleo. Majibu yalikuwa mawili: ndiyo, na ndiyo kabisa. Simioni alikuwa ameahidiwa kazi ya kuchimba, kwa hiyo akachagua ndiyo kabisa.

Wiki mbili baadaye ukaitishwa mkutano wa kijiji. Joel akasoma kwamba asilimia tisini na tisa wanaunga mkono mradi, makofi yakapigwa. Akaanza kuwaita wakuu wa kaya watie saini ili katapila lianze Jumatatu. "Kaya ya Wegesa, bwana Simioni!" Simioni akanyanyuka, shati limepigwa pasi. Migomba ile ndiyo inayowalisha wanangu. Ikiondoka tutakula nini, asilimia?

Wegesa akasimama na fimbo yake. Nikajua sasa anamtandika. Wapi! Alimpa mkono.

"Hongera, mwanangu. Wazee mmesikia wenyewe, imeandikwa kwamba mume wa Agustina ni Simioni. Mimi ni nani nibishane na kishikwambi? Sasa anirudishie mahari yangu. Ng'ombe kumi na wawili, leo, kabla kalamu haijagusa karatasi."

Wazee wakaitikia kwa sauti moja kwamba hiyo ni haki. Simioni ana mbuzi mmoja, naye anaumwa.

"Mimi si mume wa mtu!" akapiga kelele. "Nyumba ile siijui! Futeni jina langu!"

"Lakini ulisema ndiyo kabisa," Joel akamkumbusha.

"Basi hapana kabisa!"

Joel akamweleza kwamba jibu hilo halimo kwenye fomu. Simioni hakungoja kuelezwa zaidi. Saini yake mpaka leo haijaonekana, na migomba yetu imesimama. Jumatatu katapila liligeukia kwa jirani yetu Regina. Mume wake ni mwanaume wa kweli, akatia saini safi kabisa. Regina alilia siku nzima, na mimi nikalia naye.

Juzi ripoti ililetwa, imechapwa kwenye karatasi za kung'aa. Inasema kaya moja ilibadili msimamo baada ya majadiliano ya kina. Wegesa hajui kusoma, akataka nimsomee mara mbili.

"Na maneno yangu ya migomba wameyaweka wapi?" akaniuliza.

Nikapekua mpaka jalada la nyuma.

"Hatumo, mama," nikamwambia. "Yumo Simioni peke yake."