Kibao Cheusi cha Kipimo cha Kumi na Tisa

Shangazi yake ndiye aliyembandika jina la Mkono Mzito, tena mbele ya darasa zima, na chuo kikalipokea hadi mfagizi akawa anamsalimu kwalo. Alikuwa dada wa marehemu baba yake, mkuu wa idara ya piano, na ndiye aliyemwangusha mara mbili kwenye mtihani wa stashahada. Mara ya kwanza alisema uchambuzi wake ni wa mtu aliyesikiliza muziki akiwa nje ya nyumba. Mara ya pili aliandika tu kwamba amefeli. Hii ilikuwa ya tatu, na chuo hakikuruhusu ya nne. Shule iliyompa kazi ya majaribio ilikuwa imemwambia wazi kwamba bila cheti, muhula ukiisha afungashe virago.

Mtihani wenyewe ulikuwa kuchambua kipande cha piano cha karne ya kumi na tisa, enzi zile watunzi walipopenda kulia hadharani kwa vidole. Mtahiniwa alitakiwa aandike mapema, kisha atetee mbele ya watahini, melodia, yaani sauti inayoongoza, inakwenda wapi, na hamonia, yale mapatano ya sauti chini yake, inaibebaje. Kitabu cha muziki huo kilichochapwa kilikuwa kimoja tu, kimechakaa, kimefungiwa kabatini. Wanafunzi walipewa nakala ya karatasi ambazo Shangazi aliunakilia muziki huo kwa mkono wake enzi za usichana. Hakuna aliyewahi kuomba kitabu. Kukiomba kungekuwa kumtia Shangazi kidole cha jicho.

Wiki mbili kabla ya mtihani, mkutubi alifungua kabati lile ili afute vumbi, na Mkono Mzito akachungulia. Kwenye kipimo cha kumi na tisa, katika vile visehemu vya muziki vinavyotengwa kwa mistari ya wima, alikuta alama ndogo ambayo hajapata kuiona, ya kuishusha noti ya la kwa nusu sauti. Kwenye nakala ya Shangazi haikuwepo. Pale ambapo chuo kizima kilikuwa kikipiga kibao cheupe cha piano kwa miaka thelathini, mtunzi alitaka cheusi.

Na kurasa zake nane za uchambuzi, alizokwisha kuziandika, zote zilisimama juu ya kibao hicho cheupe. Alikuwa ameandika kwamba melodia inashuka kama inayokwenda msibani, masikio yanangoja giza, halafu hamonia inakataa kulia. Aliuita huo ustahimilivu wa mtunzi. Kumbe mtunzi alilia vizuri tu. Aliyemfuta machozi ni Shangazi, kwa kusahau alama moja.

"Rekebisha hizo kurasa, uchukue cheti, tupumzike," mkewe alimwambia.

"Sirekebishi. Nitaziacha hivyohivyo. Mwaka huu kuna mtahini mgeni, naye hatakubali nakala, lazima kitabu kitolewe. Atanivamia mbele ya mgeni, na mimi nitamwonyesha mwandiko wake."

"Halafu wewe utapata nini?"

"Nitauona uso wake."

Mkewe aliendelea kukunja nguo. Mtu aliyeweka kinyongo miaka kumi na moja haambiliki. Siku ya mazishi ya baba yake Mkono Mzito, Shangazi alimwambia mama wa kijana kwamba sasa hana tena sababu ya kukanyaga nyumbani kwa Shangazi. Mama aliondoka akiwa amevaa kiatu kimoja, kingine kakishika mkononi, na mwanawe hakulisahau hilo.

Chumba cha mtihani kilikuwa na meza moja, piano moja na feni iliyokuwa ikilalamika. Mtahini mgeni alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, na kitabu kilikuwa mbele yake. Shangazi alikuwa ameshaupitia ukurasa wenyewe kitabuni, na alikuwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi dirishani.

"Hamonia inakataa kulia," alisoma kwa sauti ya kubana pua. "Umeyatoa wapi haya?"

"Kwenye karatasi, mwalimu."

"Karatasi ipi? Kitabu hiki hapa. La imeshushwa. Mtu anajaza kurasa nane juu ya noti ambayo haipo, halafu anataka akafundishe watoto wa watu."

Mkono Mzito alifungua mkoba wake taratibu, akaiweka nakala mezani. "Karatasi hii. Mwandiko nadhani unaufahamu."

Shangazi aliinama. Alitazama karatasi, akatazama kitabu, akarudi kwenye karatasi. Mkono Mzito alikuwa amekipata alichokitaka, na kilikuwa kitamu kwa muda wa kama pumzi nne.

"Ni wangu," Shangazi alisema.

Mzee aliivuta nakala karibu. "Kosa la mwandishi haliwi la mwanafunzi. Ila niambie, kijana, ulilijua lini?"

Angeweza kusema, "Sasa hivi." Lakini ushindi ulikuwa umempanda kichwani, akajibu kifua mbele, "Wiki mbili zilizopita."

"Wiki mbili." Mzee alivua miwani. "Basi hujachambua muziki. Umechambua mwandiko wa mwalimu wako. Nakupa nafasi moja. Kaa kwenye piano, upige kama kilivyo kitabuni, kwa mwendo wake, kisha utueleze hamonia inafanya nini. Ukiweza, nitazisahau kurasa zako."

Maneno alikuwa nayo yote. La inashuka, noti za mkono wa kushoto zinafifia, melodia inafika nyumbani na kukuta taa imezimwa. Akakaa, akaanza, na kwenye kipimo cha kumi na tisa kidole cha nne kikatua kwenye kibao cheupe.

"Tena," mzee alisema.

Kikatua kwenye cheupe. Kibao kile alianza kukipiga akiwa na miaka saba, kila alasiri, ameketishwa kwenye piano na mwanamke huyuhuyu aliyekaa nyuma yake, kabla udugu haujaharibika. Mara ya tatu alikikazia macho kidole, akakipata cheusi, lakini mkono wa kushoto ukapotea na vipimo vyote viwili vilivyofuata vikaanguka. Alivisikia mwenyewe. Mzee akakifunga kitabu.

Aligeuka, shati limemganda mgongoni. "Hata wewe huwezi," alimwambia shangazi yake. "Njoo ukae hapa upige, tuone."

Shangazi alikuwa ameshachukua kalamu ya kuandikia matokeo.

"Siwezi," alisema. "Ila mimi cheti ninacho."