Vidole vya Khalfani

Khalfani ana vidole vizuri, hilo simnyimi. Virefu, vimepakwa mafuta, na kimoja kina pete ya fedha inayometameta anapokuwa kwenye kinanda. Kuanzia Mlandizi hadi Maili Moja walimwita Bingwa wa Vidole. Mimi Maua, mwimbaji wake wa miaka mingi, nilijua kwamba vidole vile havijawahi kupiga wimbo hata mmoja mbele za watu.

Aliyekuwa anapiga ni kompyuta. Wala si hizi za kisasa. Ilikuwa kuukuu, nzito, rangi yake imekuwa ya meno ya mvuta sigara, na Khalfani aliinunua kwa mwanamuziki wa hoteli aliyekuwa anahama nchi. Waya mmoja ulitoka kwenye kompyuta ukaingia kwenye kinanda, na kupitia huo kompyuta ilikiambia kinanda kipige nini na lini. Ngoma, filimbi, fidla, vyote vilitoka humo. Khalfani alizima sauti ya vibao, akafumba macho, akaanza kuvipapasa kwa madaha. Rajabu wa gitaa la besi naye, waya wake uliingia chini ya zulia ukaishia humo humo. Katika kikundi kizima cha Nyota ya Mlandizi, jasho la kweli lilikuwa langu, na kwenye mabango jina langu liliandikwa chini kabisa, karibu na namba ya simu.

Nyimbo zetu zilikuwa kwenye disketi, na disketi zikaota ukungu. Khalfani akaagiza kifaa kinachojifanya disketi. Unakifunga pale disketi zilipokuwa zikiingia, unachomeka flashi, na kompyuta ya watu inasoma ikidhani mambo ni yale yale ya zamani. Nilipoelezwa nilicheka hadi nikakaa chini, maana kifaa kilikuwa kimepata kikundi kinachokifaa.

Raha haikudumu. Wimbo ulikuwa ukifika ubeti wa tatu, kioo kinaandika kwamba data ina kasoro, halafu kimya. Katika harusi moja Khalfani alimsingizia mwenye jenereta, na mwenye jenereta nusura amtie makofi mbele ya bibi harusi.

Na ubovu huo ulimjia wakati mbaya kuliko wote. Mama yake, Bi Kudra wa Mzenga, kule Kisarawe, alikuwa hajawahi kumwona kazini. Marehemu mumewe alikuwa mpiga ngoma, viganja vimekakamaa kama soli ya kiatu. Bi Kudra alipovishika viganja laini vya mwanawe aliuliza ni kazi gani hiyo isiyomwachia mtu alama, na tangu hapo hakutaka hata kuisikia ikitajwa. Sasa mjukuu wake Saida alikuwa anaolewa, na bibi mwenyewe alituma ujumbe: Khalfani aje apige, naye atakaa mbele kabisa, aone kwa macho yake. Khalfani aliusoma ujumbe ule akageukia ukutani, akalia. Nilimhurumia siku hiyo.

Huruma yangu ilikwisha alipoanza kutafuta dawa ya ile kompyuta. Rajabu alisema ni vumbi, wakaipuliza. Mwingine akasema ni umeme mdogo, wakanunua kifaa cha kuutuliza. Khalfani akasema ni husuda ya wapinzani wetu, kikundi cha kule Janga, akaifukiza ubani hadi tukakohoa sote, na kompyuta ikatoka inanukia kama bibi harusi, data yake na kasoro yake vile vile.

Mwishowe tukaipeleka kwa Dulla, fundi wa Maili Moja, kijana mtulivu asiyependa kubahatisha. Dulla aliuliza swali la kwanza ambalo kila fundi huuliza: mashine hii inafanya kazi gani? Khalfani, mbele ya wateja waliokuwa wanamtazama kwa heshima, akajibu kwamba anatunzia mashairi yake.

Basi Dulla akatafuta ugonjwa wa mashairi. Akabadilisha waya, akaisafisha flashi na kuipanga upya, akajaribu flashi nyingine, akaandika barua ndefu akaihifadhi na kuifungua tena. Kila kitu kilikwenda vizuri. Tukarudi Mlandizi, tukapiga shughuli moja, na ubeti wa tatu ukatumeza. Tukairudisha. Mezani kwa Dulla ikawa nzima tena, mwanamwali asiye na doa.

Dulla akakuna kichwa. Akaeleza kwamba kikiwaka kitaa chekundu cha kile kifaa, maana yake mashine bado inaandika, na mtu akiichomoa flashi wakati huo, kilichoandikwa kinabaki nusu. Akauliza kama kuna mtu anaichomoa.

Khalfani akasema hakuna anayeigusa. Mimi nikamtazama usoni, yeye akatazama saa.

Maana mchomoaji alikuwa yeye. Ile flashi ilichomoza ubavuni mwa kompyuta na watu wakawa wanauliza ni ya nini, hivyo Khalfani akabuni jibu: ni nyimbo za mapumziko. Na ili waamini, kila mapumziko alihifadhi haraka haraka kasi ya wimbo na kimo cha sauti yangu, akaichomoa flashi kitaa kikiwa bado kinawaka, akaichomeka kwenye spika na watu wakala pilau kwa singeli. Yaani muziki wetu ulikuwa unakatwa shingo na uongo uliotungwa ili kuuficha.

Nilimwambia tukiwa njiani kurudi. "Kaka Khalfani, iache hapo ilipo. Nunua flashi nyingine ya spika, basi."

"Nikiiacha pale, watu watauliza inafanya nini."

"Acha waulize."

"Mama yangu asije akauliza hilo," akasema.

Akaahidi kwamba Mzenga hataigusa.

Tulipiga baada ya alasiri, chini ya turubai. Bi Kudra alikaa mbele kama alivyosema, kanga mpya, mikono mapajani, macho hayabanduki kwenye vidole vya mwanawe. Nyimbo za mwanzo zilikwenda salama. Ikafika mapumziko, Khalfani akahifadhi, na kitaa kikawaka. Akaondoka mikono mitupu kwenda kumwamkia mama yake. Nikasema moyoni, leo amekuwa mtu mzima.

Bi Kudra akaitikia marahaba, akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Kile chekundu kinachowaka pale, nini?"

"Nyimbo za mapumziko, mama."

"Mbona hatuzisikii?"

Khalfani akarudi mbio, akaichomoa flashi, akaichomeka kwenye spika. Alipoichomoa, kitaa kilikuwa bado chekundu.

Baada ya pilau akairudisha flashi, tukaanza wimbo wa wazazi. Bi Kudra akainuka kuja kutunza, anacheza taratibu, noti juu, akina mama wanampigia vigelegele. Khalfani alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande, uso wa raha isiyo na kifani. Ubeti wa tatu ukaingia, na muziki ukakatika.

Mimi sikunyamaza. Akina mama wakashika kwa makofi, nikaendelea. Lakini vidole vya Khalfani navyo viliendelea. Nadhani aliamini akivizidisha, sauti itarudi.

Bi Kudra akasimama mbele yake, akavitazama. Kisha akainama, akabonyeza kibao kimoja kwa kidole chake mwenyewe. Hakikulia. Akabonyeza cha pili.

"Hapa anayepiga ni nani?" akauliza.

Nikakata wimbo. Rajabu, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, akaionyesha kompyuta kwa kidevu.

Bi Kudra akaisogelea. Akailowesha noti kwa ulimi, akaibandika juu ya kioo, pale pale palipoandikwa kwamba data ina kasoro, akaipapasa ile mashine mgongoni.

"Pole, mwanangu," akaiambia. "Umefanya kazi peke yako, umechoka."

Halafu akamgeukia Khalfani, ambaye vidole vyake vilikuwa bado juu ya vibao.

"Na wewe ahsante, kijana, kwa kumsindikiza," akasema, akarudi kitini kwake.